Oili Nyepesi

Nilinunua dumu la oili kwa shilingi 130,000 na kwa siku tatu sikumwambia mtu. Nililiweka nyuma ya mlango wa chumbani, chini ya makoti, kama mtu aliyeficha mali ya wizi. Mke wangu alipoliona aliuliza swali moja tu: "Hayo ni mafuta ya kupikia?" Nilicheka, lakini nilimwelewa. Msimu ule gunia la mahindi hapa Sumbawanga lilikuwa halijafika hata shilingi 60,000. Dumu la lita nne lilikuwa sawa na magunia mawili na ushee, na mimi nilikuwa naenda kulimimina ndani ya injini, mahali ambapo hakuna mgeni atakayeliona akanisifia.

Mimi ni mwandishi wa habari wa mkoani. Wanaoijua kazi hii wanajua maana yake: unalipwa kwa stori, na unalipwa stori ikitoka. Isipotoka umejitolea, wewe na petroli yako. Leo uko Namanyere kwenye kikao cha madiwani, kesho Matai, keshokutwa bondeni kwenye mpunga. Katikati ya hayo inaingia simu ya mhariri wa Dar ambaye kila masika huniuliza kama hakuna stori ya radi. Jina la mji wetu kwa Kifipa ni kama kusema "tupa uchawi", lakini walio mbali hulisoma kinyume, wakadhani tumekaa huku tunautengeneza. Mhariri huyo hajawahi kuniomba stori ya oili. Basi hii nimeiandika bila kutumwa.

Gari ndiyo ofisi yangu. Ni Toyota IST ya mwaka 2003, namba C, niliyoinunua kwa mkopo wa SACCOS. Aliyenitafutia ni baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ambaye ni fundi wa magari tangu sijaanza darasa la kwanza. Amefungua injini za Land Rover na malori ya Isuzu enzi ambazo kwenda Tunduma wakati wa mvua ulikuwa unaaga nyumbani kama unayekwenda vitani. Lami ya kutoka Tunduma, kilomita 220 na ushee, tumeipata katika miaka ya 2010, kwa fedha za Changamoto za Milenia za Marekani. Kabla ya hapo magari ya huku yalikuwa yanakufa kwa tope na mawe, na mtu aliyeyafufua alikuwa baba mdogo na wenzake wachache. Kwa hiyo alipolizunguka hili la kwangu, akalipiga resi mara mbili, akasema, "Chukua, injini haijaguswa," nililipa bila kuuliza la pili.

Kanuni yake ya oili ilikuwa fupi: oili nzito ndiyo oili. Kila gari lililoingia gereji kwake lilitoka na 20W-50. Malori ya zamani aliyawekea namba 40 kavu. Kila nilipokwenda kumwaga oili alikuwa anachukua tone, analisugua katikati ya kidole gumba na cha shahada, anatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hii inashika chuma," alikuwa anasema.

Shida ilikuwa asubuhi za Juni. Mji wetu uko juu, mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba ukitoka nje alfajiri unatoa moshi mdomoni. Nikiwasha gari, kwa sekunde tatu nne injini ilikuwa inatoa sauti kama kokoto kwenye kopo la maziwa. Kisha inatulia. Nilimwambia baba mdogo. Akasema, "Ni baridi, mwanangu. Hata wewe ukiamka magoti yanalia." Ni jibu zuri, na nililibeba kwa mwaka mzima.

Halafu nikafanya kosa la mwandishi yeyote asiye na stori ya kuandika: nikaanza kusoma. Kitabu cha gari kilikuwa cha Kijapani, lakini tarakimu hazihitaji mkalimani. Kwenye ukurasa wenye picha ya kopo la oili paliandikwa 5W-30. Sisi tulikuwa tunaweka 20W-50. Nikataka kujua tofauti yake ni nini hasa.

Wengi tunadhani namba kubwa ni oili kali zaidi, kama vile ukubwa wa betri. Sivyo. Namba hizo zinapima uzito wa kutiririka, basi. Ile ya mbele, yenye herufi W, inahusu injini ikiwa baridi: ikiwa ndogo, oili inapita upesi asubuhi. Ile ya nyuma inahusu injini ikiwa imeshika moto wa kazi, kama nyuzi 100 hivi. Chukua oili hizo mbili zikiwa kwenye nyuzi 40 tu, ambalo si joto la alfajiri Sumbawanga: 20W-50 ina uzito zaidi ya mara mbili ya 5W-30. Kadiri baridi inavyozidi, pengo nalo linazidi. Injini ndogo za Kijapani za siku hizi zina njia nyembamba za oili, na ile mitambo ya kuchezesha muda wa valvu inaendeshwa na presha ya oili hiyohiyo. Zile sekunde tatu nne za kokoto zilikuwa ni vyuma vinasuguana huku vikisubiri oili ipande juu. Uchakavu mwingi wa injini hutokea hapo, kwenye kuwasha, kabla hujaingiza hata gia ya kwanza.

Lazima niwe mkweli: baridi yetu si ya 5W. Kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili ya nchi ambako gari linalala nje katika nyuzi 30 chini ya sifuri. Na 5W-30 si lazima iwe sintetiki. Lakini gari moja hapa linaamka kwenye baridi ya Sumbawanga, saa tano liko bondeni kwenye joto la ziwa Rukwa, karibu mita elfu moja chini, na jioni linapanda ule ukuta wa mawe kurudi, gia ya pili, injini inaunguruma nusu saa nzima. Oili inayobaki nyepesi asubuhi na haikatiki jioni ndiyo sifa ya sintetiki. Hapo ndipo nilipoanza kuitamani.

Nilitafuta namna ya kumweleza baba mdogo bila kutumia maneno ya dukani, nikakumbuka malungu. Wazee wa Ufipa walijenga matanuri ya udongo yenye kimo cha mita tatu hivi, wakayajaza mkaa na mawe ya chuma, wakayaacha yavute hewa yenyewe kwa matundu ya chini, bila mivukuto. Mabaki yake yapo mpaka leo, na wanaakiolojia, akiwemo Bertram Mapunda, wameyachunguza na kuyaandika. Lakini chuma kilichotoka kwenye malungu kilikuwa bado kimeshikana na takataka. Kikarudiwa kwenye matanuri madogo, vintengwe, yenye mivukuto, ndipo mhunzi akapata chuma cha kufulia jembe.

Oili ya kawaida ni ya tanuri la kwanza. Mafuta ghafi yamechemshwa, yametenganishwa, nta imetolewa, lakini chembe zake bado ni za kila umbo na kila ukubwa. Ikipata baridi inaganda upesi, ikipata moto mkali inaungua na kuacha masizi. Sintetiki ni ya tanuri la pili. Nyingine hujengwa upya kabisa kutokana na gesi, chembe kwa chembe, zote zikiwa karibu sawa. Nyingine ni mafuta yaleyale ya ardhini, ila yamevunjwavunjwa na kupangwa upya kwa hidrojeni chini ya mgandamizo mkubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mobil waliwashitaki Castrol mbele ya chombo cha kusuluhisha ugomvi wa matangazo kule Marekani, wakisema hiyo ya pili haistahili kuitwa sintetiki. Castrol wakashinda. Tangu hapo neno hilo kwenye dumu halikuhakikishii imetoka wapi. Ndiyo maana inafaa kusoma nyuma ya dumu pia, zile herufi za API kama SN au SP. Hizo ndizo zinazosema oili imepimwa kwa kiwango gani, na hata oili isiyo ya sintetiki inaweza kuwa nazo.

Basi bwana, nikiwa Mbeya kwa semina nikapita duka la wakala, nikachukua dumu lenye sili yake na risiti ya EFD, maana oili feki tunazijua: dumu zuri, kibandiko kizuri, ndani oili iliyokwisha kutumika na kuchujwa. Nikarudi nalo Sumbawanga, nikalificha nyuma ya mlango.

Na sikwenda kwa baba mdogo. Hili ndilo linaloniuma kuliko pesa. Nilijijua kwamba hotuba yangu ya malungu na vintengwe ingeyeyuka mara tu akinikazia macho. Nikaenda kwa kijana mmoja wa upande wa pili wa mji, fundi wa miaka ishirini na kitu, ambaye hanifahamu wala hamfahamu marehemu baba.

Akaingia chini ya gari, akafungua nati ya sampo. Oili ikatoka polepole, nyeusi, inavutika kama uji wa ulezi ulioachwa usiku kucha. Kijana akaweka kidole, akakiinua juu. Uzi wa oili ukanyooka bila kukatika. Akanitazama.

"Kaka, hii gari nani alikuwa anamwaga oili?"

Nikasema ni fundi tu.

"Humu kuna dawa. Ile ya kuzuia moshi. Tena imewekwa nyingi, na si mara moja." Akafuta kidole kwenye ovaroli. "Hii ukitoa ukaweka hiyo yako nyepesi, mimi usije ukanilaumu."

Kwa wasiojua: iko dawa ya chupa inayouzwa madukani, nzito kama asali. Ukiichanganya na oili, injini iliyochoka inanyamaza. Moshi wa buluu unapungua, mgongano wa vyuma hausikiki, matone chini ya gari yanakauka. Haiponyi kitu. Inajaza nafasi iliyoachwa na uchakavu, kwa muda. Wauzaji wa magari wanaipenda sana.

Nilimwambia kijana aweke. Lita tatu na pointi saba, ndivyo injini ile inavyotaka pamoja na filta. Zikabaki mililita mia tatu kwenye dumu. Wakaja vijana wawili wa useremala na chupa kuchukua oili chafu ya kupaka nguzo, mchwa wasizile. Nikaondoka.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa za sherehe. Asubuhi gari linawaka kama simu. Hakuna kokoto. Nilikuwa namwita mke wangu asikilize, naye anasikiliza kwa adabu. Wiki ya tatu nikaona moshi wa buluu nikiwasha, mdogo, kama wa sigara. Asubuhi moja nikaona tone jeusi kwenye sementi, kesho yake matatu. Jirani akasema gari limeonewa wivu. Nikapima oili, imeshuka. Nikajiambia ni kwa sababu nimeegesha kwenye mteremko. Mtu aliyesoma mambo ya chembe na hidrojeni kwa mwezi mzima, anashindwa kusoma kijiti chenye alama mbili.

Wiki ya tano nilikwenda Muze kwa stori ya mpunga. Kushuka hakukuwa na neno. Kupanda kurudi, jua limeshainama, gia ya pili, nikaona kile kitaa chekundu chenye umbo la birika kinakonyeza. Kikazima. Kikawaka kikabaki. Nikazima injini palepale, nikaweka jiwe nyuma ya tairi. Nilipochomoa kijiti cha oili kilikuwa kikavu, kina unyevu tu pale nchani.

Nikamimina zile mililita mia tatu. Zilipotea kama maji kwenye mchanga. Nikakaa kwenye jiwe. Chini kule ziwa lilikuwa limegeuka rangi ya bati, na mimi nilikuwa naitafakari ile milioni tano na nusu ya mkopo ambayo nilikuwa nimebakiza marejesho kumi na manne. Habari ya mpunga ilikuwa mfukoni na mtandao hakuna.

Likapita lori la mchele. Dereva akashuka, hakuniuliza maswali, akatoa dumu la oili yake ya dizeli, nzito, ya bei ya chini. Nikasita. Nikamwambia, "Mzee, ya kwangu ni sintetiki." Akaniangalia kama mtu anayekataa uji kwa sababu si wa ngano. "Ya kwako iko wapi?" akauliza.

Nikamimina lita moja na nusu ya oili yake. Wapo wanaosema ukichanganya aina hizo mbili inakuwa kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Si kweli. Zinachanganyika, na ile inayouzwa kwa jina la nusu sintetiki si kingine ila mchanganyiko huo. Unachopoteza ni sehemu ya ubora uliolipia. Nikasubiri, nikawasha, taa ikazima. Dereva akakataa pesa. Akanifuata nyuma mpaka Ntendo, akapiga honi, akapita.

Kesho yake nilikwenda kwa baba mdogo. "Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Nimesikia umebadilisha oili."

Sumbawanga ni mji mdogo. Akafungua boneti, akasikiliza, akainama chini, akasimama. Akasema oili nyepesi imeniulia injini, ndiyo matatizo ya kusoma kwenye simu, zile ni oili za Ulaya, chuma cha gari la mtumba hakizitaki. Wanafunzi wake wawili walikuwa wamesimama na spana wanasikiliza. Nilikuwa nimepanga kunyamaza. Nikasikia sauti yangu inasema, "Baba mdogo, mle ndani kulikuwa na dawa."

Akaacha kuongea. Akachukua tambara, akafuta mikono, kidole kimoja kimoja, muda mrefu kuliko mikono ilivyokuwa michafu. Akawatuma vijana wakanunue chai.

Aliponieleza hakuzunguka. Mwenye gari alikuwa mteja wake wa miaka mingi, mstaafu. Mkewe alikuwa amelazwa Mbeya na pesa ilitakiwa ndani ya wiki. Injini ilikuwa inakula lita moja kila kilomita elfu. "Na wewe ulikuwa unakuja hapa kila siku, unasema bila gari kazi imekwisha. Una milioni tano na nusu. Kwa pesa hiyo ulitegemea nikupe injini ya aina gani?" Akaweka dawa ili gari litembee. Akasema moyoni kwamba ataifungua injini ile mwenyewe, pole pole, bila kunitoza. Miezi ikapita. Kila nilipokuja kumwaga oili akaongeza chupa nyingine.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ungenunua?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Ningekuwa bado napanda bodaboda kwenda Matai? Yule mama wa Mbeya angekuwaje? Ninachojua ni kwamba "injini haijaguswa" ni maneno aliyoniambia mtu aliyenishika mkono siku tuliyomzika baba.

Nilitaka kumkasirikia zaidi kuliko nilivyoweza. Sababu moja ni lile dumu nyuma ya mlango. Sababu nyingine ni kazi yangu. Nami nina chupa yangu ya dawa. Mara ngapi nimechukua malalamiko ya watu, yenye majina na tarehe na hasira, nikayaandika "wananchi wameiomba serikali kuangalia upya", nikaona stori imetulia, haigongi tena, na nikalipwa? Najua inavyofanyika. Unajiambia utarudi uifungue vizuri. Kisha unakuja mwezi mwingine.

Tuliifungua injini wiki iliyofuata. Vipuri vilitoka Mbeya: ringi za pistoni, valvu sili, seti ya gasketi, sili ya nyuma ya krenki. Nilikuwa nimejiandaa kulipa vyote. Baba mdogo akasema, "Nusu yangu," na hakutaka mjadala. Aliposhusha sampo tulikuta tope jeusi limekaa chini kama masalia ya kahawa, na chujio la pampu limezibwa zaidi ya nusu. Tope hilo ni la miaka ya oili nzito na dawa. Oili mpya ilikuwa imeanza kulimomonyoa na kulipeleka kwenye chujio. Kwa hiyo tulikuwa sahihi wote wawili, na tulikosea wote wawili. Sintetiki haikuharibu sili. Zilikuwa zimekufa zamani, zimezibwa na uchafu, yenyewe ikausafisha uchafu. Lakini mtu asiweke oili ya namna hii kwenye injini ya mtumba asiyoijua historia yake kabla ya kushusha sampo na kuangalia. Ningefanya hivyo kwanza, nisingekaa kwenye lile jiwe.

Nilidhani baada ya hapo tungemimina sintetiki. Baba mdogo akakataa. Ringi mpya zinataka kukaa kwanza, akasema, zisuguane na silinda mpaka zizoeane, na hiyo ni kazi ya oili ya kawaida, kilomita elfu moja. Nikasoma tena, kimya kimya safari hii. Mafundi wengi wa injini wanasema hivyohivyo.

Kilomita elfu zilipotimia nilileta dumu jipya, mchana, mkononi, nikalipitisha mbele ya kila mtu. Tulipiga hesabu nyuma ya boksi la filta. Oili ya kawaida shilingi 55,000 na filta 10,000, kwa kilomita 3,000 za desturi yake: kila kilomita shilingi 22 kasoro kidogo. Sintetiki shilingi 130,000 na filta ileile: ukiimwaga kila kilomita 3,000 ni ujinga, ukiiacha 7,000 ni shilingi 20. Dumu lenyewe linasema 10,000, lakini aliyeandika dumu hajala vumbi la bondeni. Tukakubaliana 7,000, na kijiti kila Jumamosi. Kwa injini iliyochoka na isiyo na pesa ya kufunguliwa, nisingemshauri mtu. Anunue ya kawaida yenye kiwango, aimwage mapema, aokoe pesa ya sili.

Aliimimina yeye mwenyewe. Ilitoka nyepesi, ya njano, inapita kwenye faneli bila kusita. Alichukua tone kama kawaida yake, akalisugua, akakunja uso. "Hii haishiki kitu," akasema. Akaendelea kumimina.

Juzi asubuhi, baridi ya Juni, alipita nyumbani akielekea gereji. Akasimama getini na koti lake, akaniambia niwashe. Nikawasha. Akainamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza mpaka mwisho.

"Umepima?"

Nikachomoa kijiti, nikakifuta, nikarudisha, nikachomoa tena, nikampa. Akakigeuzia kwenye mwanga.

"Imepungua."

"Kidogo tu, baba mdogo. Iko juu ya nusu."

"Ikizidi hapo uniambie," akasema. Kisha, akiwa ameshageuka kuondoka: "Na mimi nikisikia kitu nitakwambia."